Akiba ya Miezi ya Baridi

Wakazi wa Kangari, pamoja na wenzao wa Kanyenyaini, Gacharage, Othaya na Mathira, na wote waishio katika ukanda ule wa juu ambao upande mmoja umepakana na misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, na upande wa pili huteremka taratibu hadi kwenye mashamba ya kahawa, wamejaliwa neema ambayo wakulima wengi wa Kenya hawaijui: zao lao huchumwa mwaka mzima, hulipwa kila mwezi, na juu ya malipo hayo ya mwezi huongezwa, unapowadia Oktoba, malipo ya pili ambayo sote tumezoea kuyaita bonasi. Asiyekuwa mwenyeji akisikia habari hii hudhani kwamba nyumba ya mkulima wa chai haiwezi kupungukiwa. Lakini aliyeishi nao, akaona yanayopita madukani na katika simu zao kati ya Julai na Septemba, anajua kwamba hiyo ndiyo miezi ambayo sukari huchukuliwa kwa deni, mtoto hurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mtu mwenye heshima zake huazima shilingi mia mbili kwa jirani ambaye hali yake haipishani na ya mwazimaji.

Sababu yake haikufichika. Katika miezi hiyo ukungu hushuka kutoka Nyandarua ukayafunika mashamba siku kwa siku, jua likawa la kubahatisha, na mchai, ambao hutaka joto na mvua vikutane, hukawia kutoa machipukizi. Kilo zinazopimwa kituoni hupungua, na kwa kuwa malipo ya mwezi hufuata kilo za mwezi uliotangulia, upungufu wa Julai huonekana mfukoni Agosti, na ule wa Agosti huonekana Septemba. Mwishoni mwa Agosti shule hufunguliwa kwa muhula wa tatu. Ndipo mtu hukopa. Na akopapo huwa amekwisha kuiuza Oktoba yake kabla haijafika, hata bonasi inapoingia huikuta imekwisha kugawanywa baina ya mwenye duka, mkopo wa simu na deni la chama, na mwaka mpya wa chai huanza kwa mikono mitupu kama ulivyoanza wa kabla yake. Makala hii nimeiandika kwa ajili ya miezi hiyo mitatu. Mradi wangu ni mmoja tu, kwamba msomaji aweze kuvuka kutoka Juni hadi Oktoba bila ya kukopa. Kwani nyumba iliyovuka hivyo mara moja huipokea bonasi ikiwa nzima, na kuanzia hapo mambo mengine ya akiba huwa sahali.

Watoao nasaha juu ya akiba aghalabu huanza na chakula. Humwambia mama mwenye watoto wanne apunguze maziwa katika chai, aache nyama ya Jumapili, amnyime mtoto mandazi ya njiani. Na mama yule, ambaye ameamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi kuchuma kabla ya jua, husikiliza kwa adabu, akarudi kwake akiwa amehuzunika, asibadili neno. Mimi siafikiani nao. Katika nyumba nyingi za milimani fedha hazipotei kwa sababu watu hula vizuri mno. Hupotea kwa sababu watu hununua kila kitu wakiwa hawana fedha za kutosha mkononi, na asiyekuwa na fedha za kutosha mkononi hulipa ghali kuliko tajiri kwa kitu kile kile, kutoka katika duka lile lile. Hapo ndipo pa kukata kwanza, maana ukipakata hapo huli kidogo kuliko ulivyokuwa ukila jana.

Tutazame mafuta ya kupikia, ambayo hakuna jiko lisiloyajua. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tukadirie tu, na msomaji aweke bei za dukani kwake mahali pa zangu. Tuseme chupa ya lita moja ni shilingi 300, na kipimo cha shilingi 20 anachomiminiwa mtoto katika kikombe alichotumwa nacho ni mililita 50. Vipimo 20 ndivyo vijazavyo lita, navyo ni shilingi 400. Basi kila lita iliyonunuliwa kidogo kidogo imegharimu shilingi 100 zaidi, na nyumba itumiayo lita 3 kwa mwezi imetoa shilingi 300 bila ya kuonja hata tone la ziada. Kwa mwaka ni shilingi 3,600. Na fedha zilizohitajika ili kuondokana na hasara hiyo ni 900 tu, za kununulia chupa tatu mwanzoni mwa mwezi. Na hakuna benki, wala SACCO, wala dhamana ya serikali iwezayo kumpa mtu shilingi 300 kila mwezi juu ya amana ya shilingi 900. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa sukari inunuliwayo robo, kwa sabuni ya kipande ikatwayo kwa kisu, kwa majani ya chai ya pakiti ya shilingi 10, na kwa vifurushi vya simu vya siku moja moja, nawe utaona kwamba jumla yake yakaribia karo ya muhula.

Kwa hiyo nashauri jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya wasomaji: akiba ya kwanza ya nyumba isiyo na akiba isipelekwe benki. Na iende jikoni. Mtu anayepata bonasi Oktoba na awaze kununua, kwa fedha taslimu na kwa bei ya jumla, vile vitu vikavu visivyooza ambavyo nyumba yake itavitumia kwa miezi miwili au mitatu. Na tofauti ya bei atakayoiokoa kila mwezi aiweke kando, ili ghala lisije likaisha akarejea kwenye vikombe na robo. Ghala dogo la namna hii ni akiba iliyo kamili, nalo lina sifa moja ambayo fedha hazina, kwamba mtu hawezi kuja jioni akaliazima lote kwa ajili ya jambo la haraka.

Mahindi na maharagwe yanataka maelezo zaidi kidogo. Huku juu shamba limemezwa na michai, na wengi hununua mahindi kwa gorogoro mwaka mzima. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro zipatazo 45. Anayeshuka na wenzake watatu au wanne hadi Maragua au Murang'a mjini baada ya mavuno, wakakodi gari pamoja, hupata gunia kwa bei ambayo mnunuzi wa gorogoro ya mwezi wa Juni hawezi kuiota, na akiyapeleka mahindi yake kisiagini hupata unga kamili wenye siha zaidi kuliko ule mweupe wa pakiti. Lakini hapa natoa hadhari kwa uzito wote. Kangari ni baridi na ni chepechepe, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na maji huota kuvu itoayo sumu isiyoonekana wala kunusika, iitwayo aflatoksini; katika mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika wilaya za mashariki ya Kenya. Yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, na gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na sakafu. Asiyekuwa na mahali pakavu asinunue gunia; anunue debe, arudi tena.

Baada ya jiko twende kwa mwenye duka. Karibu kila duka la vijijini lina daftari la mistari lililofungwa kwa uzi na kuning'inizwa kwenye msumari nyuma ya kaunta, na ndani yake kila nyumba ina ukurasa wake: mkate, maziwa, kiberiti, sukari robo, mkate, shilingi 50 za mkopo, mkate, sabuni. Anayetaka kujua mwenendo wa nyumba yake na akauombe ukurasa huo, aunakili wote mwezi mmoja, akae nao mezani pamoja na mkewe au mumewe, na watoto waliokua wawepo. Sisemi haya ili kumtuhumu mwenye duka, ambaye naye hudaiwa na muuzaji wa jumla, na ambaye amezilisha nyumba nyingi katika miezi migumu bila ya riba. Lakini ni dhahiri kwamba anayechukua kwa deni hachagui, haulizi bei, wala haendi duka la pili kulinganisha, na mtoto aliyetumwa na neno "andika" huongeza kitu chake kimoja kila safari. Katika kurasa hizo mara nyingi ni mkate ndio unaotokea kuliko vyote. Nyumba iliyo na nduma kando ya kijito, viazi vitamu na ndizi nyuma ya zizi, haina sababu ya kununua mkate kila asubuhi, isipokuwa kwamba nduma huchemshwa usiku na mkate hauchemshwi. Na mimi naona saa moja ya jioni mbele ya sufuria ya nduma inalipwa vizuri kuliko saa nyingi za kazi tuzijuazo.

Sambamba na hilo ni mboga. Michai imesogezwa hadi kizingitini, na watu wenye ardhi yenye rutuba kubwa na mvua nyingi hununua sukuma wiki ya shilingi 20 kila jioni. Magunia manne yaliyojazwa udongo na samadi, yakatobolewa ubavuni na kupandwa sukuma, managu na terere, hutosha kulisha nyumba ya watu watano, na hayachukui nafasi ya mchai hata mmoja.

Lakini adui aliye mkali kuliko kikombe cha mafuta na daftari la duka ni mkopo wa simu, kwa sababu haumwonei mtu haya, na mtu hauonei haya. Mwenye duka humtazama mkopaji usoni, na kwa hiyo mkopaji hujizuia. Simu humpa usiku wa manane, kitandani, bila ya shahidi. M-Shwari, iliyoanzishwa Novemba 2012, ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na kiasi hicho kikitajwa peke yake huonekana kidogo. Tukitazame kwa jinsi kinavyotumika. Mtu aliyekopa shilingi 4,000 hulipa ada ya shilingi 300. Mwezi ukiisha hulipa, na kesho yake hukopa zilezile 4,000 kwa kuwa malipo yamemwacha mtupu. Na akifanya hivyo mwaka mzima, kama wengi wafanyavyo, atakuwa amelipa shilingi 3,600 kwa fedha ambazo hazikupata kuzidi 4,000 hata siku moja. Ziko programu nyingine za mikopo zilizo ghali kuliko hiyo. Nashauri mkopo wa simu ulipwe siku ileile bonasi inapoingia, kabla ya kununua chochote, kisha mtu ajikatie sharti, na alitamke mbele ya mtu wa nyumbani mwake, kwamba hataukopa tena ila kwa ugonjwa.

Sasa tuje kwenye bonasi yenyewe. Wiki zile za Oktoba mji wetu hubadilika: wachuuzi huja kutoka Thika na Nairobi na magari yao yakiwa yamesheheni magodoro, makochi, blanketi, sufuria na viatu, vipaza sauti vikalia tangu asubuhi, na mabaa yakakesha. Sioni aibu kwa mtu kununua godoro. Aliyelala mwaka mzima juu ya kitanda kibovu, akachuma chai katika baridi ya Julai, anastahili godoro, na nyumba isiyopata kamwe furaha ya jasho lake haitadumu katika akiba. Ninachokilaumu ni haraka. Godoro lile lile litakuwepo Novemba, wachuuzi wakiwa wamekwenda zao na bei imerudi mahali pake. Basi na ziwekwe siku kumi na nne baina ya kupokea bonasi na kununua kitu chochote kikubwa, isipokuwa madeni, chakula cha ghala na karo. Karo, nasema, ilipwe hapo hapo kwa muhula wa Januari, na anayeweza alipe na wa pili. Shule nyingi hukubali malipo ya mapema, na shilingi iliyolipwa shuleni Oktoba haiwezi kunywewa Desemba.

Na hapa yanipasa kusema jambo ambalo wengi hulikwepa. Katika nyumba nyingi namba ya mkulima wa chai ni ya baba, akaunti ni ya baba, na ujumbe wa malipo huja katika simu ya baba, hali wanaochuma ni mama na watoto. Mama asiyejua bonasi ilikuwa kiasi gani hawezi kupanga. Atabana matumizi ya jikoni mwaka mzima, akaokoa shilingi mia hapa na mia pale, na Oktoba akasikia kwa jirani kwamba mumewe alionekana Thika siku tatu mfululizo. Akiba haiwezi kusimama juu ya siri. Ama mama naye aandikishwe namba yake kwa sehemu ya michai, kama familia nyingi zilivyokwisha kufanya, ama malipo yaingie katika akaunti ya wote wawili, ama, kwa uchache, karatasi ya malipo isomwe kwa sauti mezani. Baba akiona kwamba hilo linampunguzia heshima, na aulize heshima yake ilikuwa wapi mwezi wa Agosti, mkewe alipokwenda kusimama mbele ya kaunta ya duka kuomba unga.

Tukiisha kuziba pale panapovuja, ndipo tuseme habari ya kuweka. Tuchukue mfano wa nyumba inayochuma, kwa wastani, kilo 400 kwa mwezi kuanzia Oktoba hadi Juni, kiangazi cha Februari kikihesabiwa humo, na kilo 200 tu katika miezi ile mitatu ya baridi. Tukikadiria malipo ya mwezi kuwa shilingi 25 kwa kilo, mapato ya kawaida ni shilingi 10,000, na ya miezi ya baridi ni 5,000. Pengo ni shilingi 15,000. Hilo ndilo deni ambalo nyumba hiyo huingia kila mwaka, nalo halikuletwa na balaa lolote, kwa maana baridi huja kila mwaka katika miezi ile ile. Ikitenga shilingi 1,000 kwa kila mwezi wa ile tisa, itakuwa na 9,000. Ikiongeza 6,000 kutoka katika bonasi, pengo limejaa. Mtu atauliza hiyo 1,000 itoke wapi, na jibu langu ni kwamba imekwisha kuonyeshwa: 300 katika mafuta, 300 katika ada ya simu, na iliyobaki katika mkate, mboga na sukari ya robo.

Mahali pa kuziweka fedha hizo pana umuhimu kuliko watu wanavyodhani, na katika jambo hili tuna walimu wa kwetu wenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanawake wa Nyeri na Murang'a waliunda vikundi ambavyo watu waliviita vikundi vya mabati: walikwenda pamoja kulima na kuvuna katika mashamba ya watu kwa ujira, ujira wakauweka pamoja na michango yao midogo, na kila fedha zilipotosha walinunua mabati ya kuezekea nyumba ya mmoja wao, kisha ya mwingine, hata kila mmoja akapata zamu yake. Bati lilipofika, maji ya mvua yaliweza kukingwa, na mama akapumzika na safari ya mtoni. Vikundi vingi vikaendelea hadi kununua matangi na ng'ombe wa gredi. Wanawake wale wengi wao hawakuwa na akaunti, na wengine hawakujua kusoma. Walifaulu kwa sababu fedha zao hazikulala hata usiku mmoja katika mkono wa mwenyewe, kwa sababu zilikuwa na kazi moja iliyojulikana na kila mtu, na kwa sababu kila mmoja alikuwa akitazamwa na wenzake, ambao walikuwa na haki ya kumwuliza.

Chama cha leo kinachofuata mambo hayo matatu ni chombo kizuri, na kisichoyafuata ni mchezo wa kupitisha noti mkono kwa mkono. Nimewaona watu wakiwa katika vyama vitano kwa pamoja, wakikopa katika cha nne ili walipe cha pili. Huko si kuweka, ni kudaiwa na watu wengi zaidi. Chama kimoja chatosha, kiwe cha watu wanaojuana, kiwe na daftari linalosomwa kila mkutano, na fedha ziwe katika akaunti inayohitaji sahihi za watu watatu.

SACCO ni daraja iliyo juu yake. Wakulima wa chai wa Murang'a walianzisha chama chao cha akiba na mikopo katika mwaka wa 1993, kikajulikana miaka mingi kwa jina la Muramati kabla ya kuitwa Unaitas. Na Equity, iliyoanza katika mwaka wa 1984 kama chama cha fedha za ujenzi chini ya uongozi wa Peter Munga, mwenyeji wa Murang'a, ilifikia hali ya kufilisika katika mwaka wa 1993, ikainuka tena kwa kugeukia amana ndogo ndogo za watu ambao mabenki makubwa hayakutaka kuwaona, hata ikapewa leseni ya benki mwishoni mwa mwaka wa 2004. Nayataja haya ili asiwepo wa kusema kwamba shilingi elfu moja ya mkulima haina uzito. Lakini atakayejiunga na SACCO yoyote na atambue tofauti moja: amana za uanachama hutumiwa kuwa dhamana ya mkopo, na kwa kawaida hazitolewi mpaka mtu ajitoe katika chama, ilhali akiba ya miezi ya baridi hutakiwa ipatikane Julai. Hiyo na iwekwe katika akaunti ya kaunta, ambayo wanachama huiita FOSA, mahali ambapo fedha huweza kutolewa. Na amana za uanachama zijengwe taratibu kwa ajili ya mambo ya mbali, kama ng'ombe, tangi au karo ya chuo. Mkopo wa SACCO wenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, kama zinavyotoza nyingi, hauwezi kulinganishwa na ule wa simu. Kabla ya kuweka hata shilingi, ulizia leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia SACCO. Na kwa benki, jua kwamba bima ya serikali hulinda amana za mtu hadi shilingi 500,000. Ama wale wanaokuja kuahidi kuzidisha fedha maradufu kwa miezi michache, watu wetu waliwaamini katika mwaka wa 2006 na wa 2007, na wako wazee milimani humu ambao hawakupata kurudishiwa fedha za mashamba yao hadi leo.

Yako matumizi ambayo mwenye kutafuta akiba hushawishika kuyakata, nami namsihi asiyaguse. La kwanza ni mbolea. Mbolea ya chai hutolewa kwa mkopo na kukatwa katika malipo, na mtu aliyebanwa huuza mifuko yake kwa bei ya kutupa ili apate fedha za siku mbili. Mwaka unaofuata kilo hupungua, na pengo tulilolihesabu likawa kubwa zaidi. La pili ni mchango wa afya wa SHA, ambao kwa asiyeajiriwa ni asilimia 2.75 ya kipato na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Kitanda cha hospitali kwa wiki moja huweza kumaliza akiba ya miaka mitatu. La tatu ni mchango wa mazishi na harusi za majirani, ambao hapa kwetu hauna mwisho. Sishauri mtu ajifungie mlango, kwa kuwa siku yake nayo itafika na atawahitaji. Nashauri aweke kiwango, tuseme shilingi 200 kwa kila msiba, akitoe daima bila ya kuongeza wala kupunguza, na palipo na haja kubwa atoe nguvu zake, akachote maji, akapasue kuni, akakeshe na wafiwa.

Kazi iliyobaki ni ya asubuhi moja tu. Chukua kitambulisho, namba yako ya mkulima na karatasi ya malipo ya mwezi uliopita, nenda kwenye SACCO ambayo malipo yako ya chai hupitia, ufungue akaunti ya pili ya kaunta, na ujaze fomu ya makato ili fedha zihamishwe zenyewe siku malipo yanapoingia, kabla hujaziona katika simu. Andika shilingi 1,000, usiandike 3,000. Anayeandika 3,000 katika furaha ya Oktoba hurudi Februari, kiangazi kimepunguza majani, akaifuta fomu yote. Iache mpaka Aprili. Mvua za masika zikinyesha na kilo zikapanda, rudi uongeze 500, na umwombe karani akuandikie katika kitabu chako kwamba fedha hizo hazitolewi kabla ya tarehe 1 Julai.